Mchoro Kama Kinga ya Neno: Uhakiki wa Usanifu wa Kanga

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi, kanga ikitajwa hutajwa kwa sababu ya maneno yake tu. Mwanafunzi hupewa kazi ya kukusanya majina ya kanga. Anakwenda sokoni, anapita madukani, anapekua sanduku la shangazi yake, kisha anarudi na daftari lenye majina arobaini au hamsini. Anayapanga mafungu mafungu: ya mapenzi, ya wivu, ya dini, ya mawaidha, ya vijembe. Anahitimisha kwamba kanga ni chombo cha mawasiliano cha mwanamke wa Uswahilini, anapewa alama zake, mambo yamekwisha. Maua je? Pindo je? Zile korosho kubwa zilizojaa katikati ya kitambaa je? Hayo, tunaambiwa, ni mapambo.

Makala hii inakusudia kuupinga mtazamo huo. Ukikusanya majina ya kanga ukaiacha michoro, umefanya kama mtu aliyekusanya nyimbo za taarabu akaacha muziki wake. Maneno unayo, lakini kile kilichoyafanya yapokewe hunacho. Hoja yangu ni kwamba mchoro wa kanga una kazi mahususi katika kujenga maana: unamkinga msemaji. Kwa sababu ya mchoro, neno ambalo lingezua ugomvi lingetamkwa kwa mdomo linaweza kupita barabarani mchana kweupe, na aliyelivaa akabaki na heshima zake. Nitaanza na umbo la kanga, kisha nitaeleza zana zilizolifinyanga umbo hilo, halafu nitaingia kwenye uhusiano wa picha na neno, na mwisho nitajibu pingamizi mbili ambazo najua wenzangu wameshaziweka tayari.

Umbo na kanuni zake

Kila msomaji wa gazeti hili anaijua kanga, ila kuijua kwa kuivaa ni jambo moja na kuitazama kama kazi ya usanifu ni jambo jingine. Hebu tuitandike mezani. Kipande kimoja kina takribani sentimita 150 kwa 110, na vipande viwili vinavyofanana huuzwa pamoja kama doti. Kuna pindo, ambalo huzunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani uwanja wa ndani. Na kuna jina, yaani maneno, ambalo hukaa katika kisanduku chake sehemu ya chini ya mji, katikati, juu ya pindo. Maneno haya aghalabu huandikwa kwa herufi kubwa tupu, bila nukta wala mkato.

Kanuni hizi hazibadiliki ovyo. Msanifu wa kanga hafanyi kazi kama mchoraji mwenye ubao mtupu anayeweza kuanza popote apendapo. Hali yake inafanana zaidi na ya mshairi wa mapokeo, ambaye kabla hajatia wino tayari anajua mizani ngapi zinamsubiri na vina vitaanguka wapi. Ubingwa wake unapimwa kwa yale anayoyafanya ndani ya mipaka hiyo. Hata jina lenyewe limebanwa na kisanduku. Chukua jina maarufu JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Lina mizani tano, kisha sita, na kila nusu inaishia kwa -ti, kana kwamba mtungaji ametia kina cha kati na kina cha mwisho. Tumezoea kusema ufupi huo ni sifa ya methali. Ni kweli, lakini ufupi huo pia ni matokeo ya usanifu: nafasi iliyotengwa kwa maneno ni ndogo, na herufi zinatakiwa zisomeke kutoka mbali.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa kwa makini. Mchoro wa kanga hurudiwa, lakini jina huandikwa mara moja tu kwa kila kipande. Pindo linazunguka, maua yanajirudia kushoto na kulia, ili kitambaa kikishakunjwa na kufungwa kiunoni, sehemu yoyote itakayoonekana iwe na sura nzuri. Neno halina bahati hiyo. Likifunikwa na mkunjo, limefunikwa. Na likionekana, linaonekana wapi? Nyuma! Kanga ikivaliwa ipasavyo, jina hukaa upande wa nyuma wa mvaaji. Yeye mwenyewe halisomi. Anayelisoma ni yule anayemfuata njiani, au aliyekaa barazani wakati yeye amekwisha kupita. Kwa hiyo msanifu amepanga si maneno tu, bali na nani ayasome na wakati gani: baada ya msemaji kukupa mgongo. Mwandishi gani wa tamthiliya miongoni mwetu asingetamani kuwa na mbinu kama hiyo?

Zana na asili ya mtindo

Sasa, mtindo huu haukushuka kutoka mbinguni. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vilivyochapwa, neno leso lenyewe likiwa limetokana na Kireno, na badala ya kuzikata leso moja moja wakaziunganisha sita kwa kushona ili wapate vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kizima chenye sura hiyo. Kama simulizi hii ni ya kuaminika, basi msanifu wa kwanza wa kanga alikuwa mnunuzi mwenye sindano, na kiwanda kilimfuata.

Viwanda vyenyewe vilikuwa mbali. Kampuni ya van Vlissingen ya Helmond, Uholanzi, ambayo leo inajulikana kwa jina la Vlisco, ilichapa vitambaa vya soko letu tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19. Mombasa nako, mwaka 1887, Kaderdina Hajee Essak alianzisha biashara ambayo kanga zake zilikuja kujulikana pwani nzima kwa alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Maneno ya Kiswahili yalipoanza kuchapwa, yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha baadaye kwa hati za Kirumi tunazozisoma leo. Baada ya uhuru tukawa na viwanda vyetu, mathalani Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Na siku hizi kanga nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimechapwa India.

Kwa nini mhakiki wa fasihi ashughulike na habari za mashine? Kwa sababu zana ndizo zilizofundisha mtindo. Katika uchapaji wa vibao vya mbao, kila rangi ilitaka kibao chake. Rangi tano maana yake ni vibao vitano, kazi mara tano, na hatari mara tano ya rangi kutokaa mahali pake. Ndiyo maana kanga za mtindo wa zamani zina rangi chache zilizoshiba, na mistari minene isiyo na kivuli. Itazame kanga ya kisutu, kanga ya biharusi, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe: hadi leo imebaki na nidhamu ileile, ingawa mashine zingeruhusu rangi chungu nzima. Uchache ambao mwanzoni ulikuwa dhiki ya fundi umegeuka kuwa desturi, na watu wenyewe wakaupenda.

Hali kadhalika chimbuko la maumbo. Lile umbo linalofanana na tone lililopinda mkia, ambalo limejaa katika kanga na vitambaa vingine duniani, lilitoka Uajemi na India. Sisi tuliliita korosho. Mtu anaweza kusema, ah, hilo ni jina tu la kienyeji. Mimi naona ni tendo la usomaji. Umbo la kigeni lilifika bandarini, wanawake wakalitazama, wakaona ndani yake kitu wanachokikaanga nyumbani. Kuanzia hapo likawa letu. Wale wanaouliza kila mara kama kanga ni ya Kiafrika au ni ya Kihindi wangefanya vizuri kuanza na korosho.

Umbali kati ya picha na neno

Hapa ndipo penye kiini cha makala. Mwanafunzi yeyote akiambiwa achore picha kwa ajili ya sentensi fulani, atachora kile ambacho sentensi inakitaja. Vitabu vyetu vya shule vya darasa la kwanza vimetulea hivyo: pakiandikwa paka, paka amechorwa. Kanga haifanyi hivyo, au kwa kawaida haifanyi. Jina moja linaweza kutokea juu ya michoro mitatu tofauti, na mchoro mmoja unaweza kupewa majina tofauti. Maua yanabeba kijembe. Mananasi yanabeba dua. Mhakiki mwenye haraka anaona hali hii na kusema, basi hakuna uhusiano, picha ni picha na neno ni neno.

Nasema uhusiano upo, na umbali huo ndio uhusiano wenyewe. Chukua jina linalojulikana sana: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Ni jina kali. Limecheza na meno na maneno, likamlinganisha msengenyaji na mnyama kisha likamshusha chini ya mnyama. Sasa jaribu kuwaza kwamba msanifu amechora simba katikati ya mji, amefumbua kinywa. Nini kingetokea? Kwanza, simba angemeza sentensi nzima, maana jicho lingeishia kwake. Pili, na hili ndilo kubwa, mvaaji angekuwa ametangaza vita. Simba yule angeonekana kutoka mwisho wa mtaa, na kila mtu angejua kwamba kanga ile imenunuliwa kwa ajili ya jina lake.

Weka maua mahali pa simba. Kanga inakuwa nzuri, ya rangi nzuri, ya kwenda nayo harusini. Jirani akiona jina lile na kuhisi kwamba ameguswa, akija kuuliza, atajibiwa: "Dada yangu, mimi nimeipenda rangi tu. Maneno hata sikuyasoma." Jibu hilo halipingiki kirahisi, kwa sababu rangi kweli inapendeza na maua kweli yanavutia. Mchoro umempa mvaaji pa kujificha. Rose Marie Beck, katika makala yake ya mwaka 2001 juu ya kanga kama njia ya mawasiliano, ameweka mkazo kwenye utata wa alama hizi, kwamba kanga husema bila kusema. Ninachoongeza mimi ni kuonyesha utata huo unatengenezwa wapi. Hautengenezwi na maneno, kwani mengi ya majina haya, ukiyasoma peke yake daftarini, yako wazi kabisa. Unatengenezwa na mchoraji, anapokataa kuchora kile kilichoandikwa.

Nilipata kulinganisha doti mbili zenye jina moja, MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Ya kwanza ilikuwa na pindo zito jeusi na mji mweupe uliokaribia kuwa mtupu, jina likiwa ndicho kitu cha kwanza kukutana na jicho. Ya pili ilijaa maua ya chungwa na kijani hadi kisanduku cha jina kikawa kama kimepenyezwa kwa nguvu. Maneno ni yaleyale, mizani zilezile kumi na moja, viambishi vya -ye vilevile vinavyogonga mara tatu. Lakini ya kwanza inasuta, na ya pili inanong'ona. Nikiulizwa ipi ni kazi bora zaidi, nitasema ya pili, kwa sababu inampa msomaji kazi ya kutafuta na inampa mvaaji nafasi ya kukana. Ile ya kwanza imetegemea jina tu, ikasahau kwamba mchoro nao una zamu yake.

Linganisha na kanga za hafla, zile za vyama, za kampeni, za sikukuu na za viongozi. Mwaka 2008, kwa mfano, kulitolewa kanga ya kumpongeza Barack Obama: picha yake imo, pongezi zimo, na jina linasema UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Hapo picha, pongezi na jina vinavuta upande mmoja. Hakuna wa kukana chochote, kwani aliyeivaa anataka hasa ajulikane ameshangilia. Sisemi kanga za namna hii hazina thamani; ni kumbukumbu muhimu za historia na watu huzitunza miaka mingi. Lakini kisanaa zinasomwa mara moja zikaisha. Ni kama ubeti ambao kituo chake umeshakikisia tangu mstari wa kwanza.

Jambo hili lina uzito leo kuliko zamani. Kompyuta imempa msanifu picha za kila aina na mitindo ya herufi isiyo na idadi. Kuweka picha ya kitu kilichotajwa kwenye jina sasa ni kazi ya dakika chache, na kanga za aina hiyo nimeshaziona: jina linataja moyo, mji umejaa mioyo, jina linataja njiwa, njiwa wanaruka. Zana si adui, na sina hamu ya kuwarudisha wasanifu kwenye vibao vya mbao. Ila zana inayorahisisha kila kitu inamtaka mtumiaji awe na sababu ya kukataa baadhi ya yale inayompa. Vibao vilimlazimisha fundi kuwa na kiasi. Msanifu wa leo inabidi ajilazimishe mwenyewe, na hawezi kufanya hivyo kama sisi wahakiki tunaendelea kumwambia kwamba anachofanya ni mapambo.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema: "Wewe unampa mfanyabiashara sifa asizostahili. Tajiri anaagiza mchoro huu na jina lile kwa sababu vyote viwili vinauzika. Hakuna aliyekaa akafikiri juu ya kinga wala umbali." Inawezekana kabisa. Lakini sisi tunaosoma fasihi simulizi hatujawahi kudai kwamba kila hadithi lazima iwe na mtunzi mmoja aliyekusudia kila kitu. Tunakubali kwamba jamii huchuja, huacha na huendeleza. Kanga nayo imechujwa. Mfanyabiashara anaweza kuwa amekutanisha maua na kijembe kwa bahati, lakini mwanamke anayesimama dukani, akashika doti, akasoma jina, akacheka kidogo, akalipa, huyo hakufanya kwa bahati. Na doti ikinunuliwa sana, nyingine ya namna yake itaagizwa. Huo nao ni utunzi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kisutu. Kanga hii kwa desturi haina jina kabisa. Kama mchoro ni kinga ya neno, hapa unakinga nini? Jibu langu ni kwamba hoja hii ina mpaka wake, na kisutu kiko nje ya mpaka huo. Mchoro wa kisutu umekwisha kuwa neno. Ukiuona tu, umeshaelezwa kwamba kuna harusi. Hauhitaji maandishi, na hauna cha kuficha kwa sababu jambo lenyewe ni la shangwe. Naona hili linaiunga mkono hoja ya jumla badala ya kuiangusha: mchoro wa kanga una uwezo wa kubeba maana hata peke yake. Aliyeliona hilo kwenye kisutu hawezi tena kusema kwamba kwenye kanga nyingine zote mchoro umelala usingizi.

Hitimisho

Makala imejaribu kuonyesha kwamba jina la kanga halipaswi kuhakikiwa likiwa limeng'olewa kwenye kitambaa chake. Mahali lilipowekwa, ukubwa wake, uchache wake mbele ya mchoro unaojirudia, na hasa umbali wake na picha iliyolizunguka, vyote ni fani. Na kama tulivyofundishwa wenyewe, fani na maudhui havitenganishwi. Sasa mbona kwenye kanga tunavitenganisha kila mwaka?

Napendekeza mambo mawili, na nayaelekeza kwa wanafunzi wenzangu na pia kwa walimu wetu. Kwanza, yeyote anayekusanya majina ya kanga kwa ajili ya tasnifu aandike pia mchoro: rangi zipi, pindo la namna gani, mji una nini, jina limekaa wapi na linaonekana kwa kiasi gani. Mwenye simu na apige picha. Daftari lenye sentensi tupu lihesabiwe kuwa ni utafiti nusu.

Pili, tuanze kuwatafuta wachoraji. Kanga ina jina lake, na tajiri ana alama yake, kwani Mali ya Abdulla imesomwa na vizazi vingi. Lakini aliyekaa akachora korosho ile, akaamua pindo liwe jembamba au nene, akachagua kutochora simba, huyo hatajwi popote. Baadhi ya watu hawa bado wako hai na bado wanafanya kazi, na wanayo mengi ya kutueleza juu ya namna wanavyochagua. Idara yetu imetuma wanafunzi kuwahoji waimbaji, manju na watambaji wa ngano. Sioni sababu ya kutomtuma hata mmoja kwa msanifu wa kanga.

Mwenye hoja tofauti asinung'unike pembeni. Aje nayo kwa maandishi toleo lijalo, na mifano mkononi.